Doa Jekundu Juu ya Kisima cha Shangazi

Kazi yangu ni kutoa. Ndege ndogo inaruka chini chini juu ya mashamba, ndani yake kuna sanduku lenye fuwele zinazohesabu mionzi inayotoka ardhini, na alasiri hesabu hizo zinaletwa kwangu ofisini, mtaa wa Mabatini mjini Mwanza, ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye ninayezisahihisha. Natoa mionzi ya ndege yenyewe, maana hata chuma chake kina kiasi chake. Natoa ile inayoshuka kutoka anga za juu. Narekebisha kimo, kwa sababu ndege ikipanda kidogo kukwepa kilima cha mawe, ardhi inaonekana kama imefifia. Mwisho natoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo inatoka kwenye udongo na kuelea hewani, na fuwele zetu haziwezi kuitofautisha na urani iliyo chini. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo ardhi.

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema kazi ya kompyuta. Hawaulizi tena.

Mtu pekee aliyetaka kujua zaidi alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nilipokuwa darasa la tatu. Aliishi Magu, mbali na lami, kwenye uwanda wa udongo mweusi unaoteremka taratibu hadi ziwani. Ziwa unaliona kabisa ukisimama uani kwake, lakini kwa mtu mwenye ndoo kichwani liko mbali. Kwa hiyo kijiji kizima kilichota maji lamboni, bwawa la kuchimbwa ambamo ng'ombe huingia hadi maji yawafike tumboni. Nilikua nikinywa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kila mwaka kulikuwa na nyumba iliyozika mtoto kwa kuhara, na hakuna aliyeshangaa.

Shangazi ndiye aliyechoka kabla ya wengine. Kwa miaka mingi alikwenda ofisi hii na ile, akakaa kwenye mabenchi ya makorido na kitenge chake kizuri, akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, ila alijua kusubiri kwa namna inayomkera anayesubiriwa. Hatimaye mafundi walikuja na gari la kuchimba, wakatoboa chini ya jabali kubwa la kijivu nje kidogo ya kijiji, na maji yakatoka meupe. Wakafunga pampu ya mkono. Wanakijiji wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na ufunguo wa pampu akaufunga kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Nikimpigia simu nilisikia mlio wa mpini na kelele za akina mama, naye akipaza sauti: "Subiri mwanangu, niko kazini!"

Ndege yetu ilipoanza kupita Magu, kijijini kulikuwa na manung'uniko. Ng'ombe walikuwa wanakurupuka. Wengine walisema tunapima ardhi ili watu wahamishwe. Mkuu wangu wa kazi, Mhaya mtaratibu ambaye shati lake limepigwa pasi hata akiwa porini, akaamua tuitishe mkutano na wananchi.

"Wewe unajua Kisukuma, na pale ni kwenu," aliniambia. "Chukua ramani yoyote, wakuone unawaonyesha kitu. Watu wakiona ramani wanatulia."

Nilikuwa na ramani moja ya urani ya eneo lile, ya awali, ambayo sikuwa nimemaliza kuisahihisha. Ningeweza kuchukua ya potasiamu, au picha ya kawaida kutoka angani. Lakini ile ilikuwa nzuri kuitazama, bluu na kijani na njano, na karibu na kijiji chetu kulikuwa na doa jekundu. Nililiona. Nilijua kwamba litapungua nikimaliza kazi, kama madoa mengi yanavyopungua. Halafu nikafanya jambo ambalo nimelifikiria kuliko lolote nililowahi kufanya maishani: nikachora alama ndogo ya kisima na kuandika chini yake jina la kijiji. Nilitaka shangazi afurahi kuona kisima chake kiko kwenye ramani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mkuu wangu alieleza vizuri, nami nikatafsiri kwa wazee. Kisha nikafungua ramani, walimu wawili wakaishika pembeni. Shangazi alikuwa amekaa mbele. Alisogea, akatafuta njia, akatafuta jabali, akapaona.

"Jamani, njooni muone!" alisema, akaweka kidole chake katikati ya wekundu. "Hiki hapa kisima chetu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwembamba ambaye hakuwa na ubaya na mtu, akainama kutazama.

"Binti," akasema, "hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni mahali ambapo vipimo vya urani vimetoka juu kidogo, mzee. Lakini hii ni ramani ya awali, bado haijasahihishwa."

"Urani ndiyo ile inayotengeneza mabomu?"

"Ndiyo, lakini..."

Niliendelea kueleza. Nilisema kila mwamba una chembechembe zake, nilisema radoni, nilisema subirini. Nadhani nilieleza kwa dakika kumi. Walichosikia ni ndiyo. Nyuma ya umati nilisikia neno "mionzi" likipita mdomo kwa mdomo, na mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu, ingawa tulikuwa shuleni na kisima kilikuwa mbali. Shangazi aliondoa kidole chake kwenye karatasi taratibu, akakifuta kwenye kanga.

Siku tatu baadaye alinipigia yeye. Hakukuwa na kelele za akina mama.

"Leo wamekuja wanne tu," alisema. "Wengine wamerudi lamboni. Mwanangu, unaisahihisha lini hiyo karatasi yako?"

"Naifanyia kazi, shangazi. Nipe wiki."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la rubani. Kila asubuhi, kabla ya kuanza mistari ya nchi kavu, zile njia zilizonyooka inazofuata ikipima, ndege yetu hupita kwanza juu ya ziwa. Maji yanazuia mionzi ya ardhi iliyo chini yake, hivyo kinachohesabiwa juu ya ziwa ni kile cha ndege, cha anga na cha hewa peke yake. Hicho ndicho ninachokitoa kwenye vipimo vya siku hiyo. Asubuhi waliyopima upande wa kijiji chetu, rubani alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuinama kwamba hakupita ziwani. Wadudu wa ziwani walikuwa wamepaa kwa wingi, yale mawingu ya kahawia yanayosimama juu ya maji kama moshi, akaogopa wasije wakaziba injini. Mimi, kwa haraka ya kutengeneza ramani ya awali, nilikuwa nimetumia kipimo cha hewa cha siku iliyotangulia.

Siku iliyotangulia ilikuwa ya upepo unaoipeperusha radoni, kwa hiyo nilikuwa nimetoa kidogo mno. Tena alfajiri ya siku yenyewe mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi ile hewa ilikuwa imetulia kabisa. Mvua inapoanguka hukokota mazao ya radoni kutoka hewani na kuyatandika juu ya udongo, na kwa saa chache ardhi yoyote, hata shamba la mihogo, inaweza kuonekana kama ina urani. Kisha yanaisha yenyewe. Doa lile halikuwa la mwamba wala la kisima. Ilikuwa ni mvua ya alfajiri ile.

Nilimwomba mkuu wangu mistari ile irudiwe wakati wa kiangazi. Alisita, kisha akakubali. Ndege ilirudi siku kavu, ikapita kwanza ziwani kama inavyotakiwa. Niliifanya kazi ile polepole, hatua kwa hatua, nikikagua kila kitu mara mbili. Wekundu uliisha. Palibaki njano hafifu pale penye jabali, kama ilivyo penye jabali lolote ukanda huu. Nilikaa nikiangalia kioo cha kompyuta, nikalia kwa furaha. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Tulirudi kijijini na ramani mpya, na majibu ya maabara yaliyosema maji ya kisima ni salama. Mkuu wangu alishauri tubebe pia kipimo cha mkononi, watu wajionee wenyewe. Safari hii watu walikusanyika kisimani, lakini wakasimama mbali na pampu, kama watu wanaotazama nyoka aliyeuawa na hawana uhakika. Shangazi alisimama peke yake karibu na mpini.

Nikawasha mashine njiani. Namba ilikuwa ndogo, nikaisoma kwa sauti. Nikatembea kuelekea kisimani, namba ikapanda kidogo.

"Inapanda!" mtu akapiga kelele.

"Ni jabali," nikasema. "Mawe ya aina hii yana mionzi kidogo tangu kuumbwa. Mwanza yote imejengwa juu yake. Mimi nalala juu yake Igogo. Babu zetu wamelala juu yake."

"Na babu zetu wako wapi?" kijana mmoja akauliza. Wachache wakacheka, si kwa furaha.

Mwenyekiti wa kitongoji akanyoosha mkono kuomba utulivu. Alizungumza kwa upole, kwa kile Kiswahili chake kinachobadilisha r kuwa l.

"Binti yetu, sisi hatubishani na elimu. Tunaomba kitu kimoja tu. Tupeleke mahali mashine yako inaposoma sifuri. Tukishaiona sifuri, tutajua kama hii ya hapa ni kubwa au ni ndogo."

"Hakuna mahali penye sifuri, mzee. Dunia nzima haipo."

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani. Labda katikati ya ziwa ndiyo inakaribia."

"Basi," akasema shangazi, akijaribu kuwachekesha, "tuhamie ziwani."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo tupu, jirani tuliyesoma naye, akanitazama machoni. "Mara ya kwanza mlisema ipo," alisema. "Leo mnasema haipo. Mashine yenu wenyewe inasema ipo. Sasa sisi tushike lipi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu sahihi, lenye radoni na wadudu na upepo wa siku mbili tofauti, na nilipolitoa niliona nyuso zikifungwa moja baada ya nyingine. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mtu anayeficha kitu. Mkuu wangu alibandika karatasi ya maabara kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia mtu akiuliza nani ameiandika, na mwingine akimjibu: "Si hao hao."

Ndipo shangazi alipoanza mambo yake. Alichota kisimani asubuhi na jioni, akapikia, akaogea. Kwenye mikutano na misiba alibeba jagi lake, akajimiminia na kunywa mbele za watu. Mwanzoni majirani wawili watatu walimfuata, kisha wakaacha, mmoja kwa sababu mumewe alimkataza, mwingine kwa sababu mtoto wake alitoka vipele. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anapaka mafuta cheni ya pampu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo unywe maji."

Nikanywa. Tulikaa kivulini tukatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Nilimwambia apumzike, aache watu waamue wenyewe.

"Watoto wawili wamezikwa tangu masika," alisema. "Wa kuhara. Nimekwenda misiba yote miwili na jagi langu. Hawakunitazama mimi. Walilitazama jagi."

Sikumwomba radhi siku ile. Nilikuwa nimeshamwomba kwa simu mara nyingi, naye kila mara alisema yaishe. Lakini sikuwahi kumwomba nikiwa nimekaa naye, na nafasi ilikuwepo.

Mwaka uliofuata alianza kukonda. Baadaye alikuja kunieleza kwamba damu ilikuwa inamtoka tangu kabla kisima hakijachimbwa, naye aliona aibu kusema. Nilimleta Mwanza, akakaa kwangu Igogo, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri kama wangu. Alitueleza kwamba ni saratani ya shingo ya kizazi, kwamba ugonjwa huu unajijenga kwa miaka mingi, na kwamba haukuletwa na maji wala mwamba. Nilimwomba aliseme tena hilo la mwisho. Akalisema tena. Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Tutamwanzishia tiba ya mionzi," daktari akasema.

Shangazi aligeuka kunitazama. Tulitoka nje, tukakaa kwenye ukuta mfupi unaotazama ziwa.

"Mionzi gani hiyo?"

"Ni mionzi, shangazi. Inaua zile seli mbaya."

"Ndiyo ile ile?"

"Ni ya jamii moja, lakini..."

"Usiniambie lakini." Alisema bila hasira. "Nimewaambia watu miaka miwili kwamba kile kitu hakina nguvu yoyote. Nimekinywa mbele yao. Leo unaniambia kina nguvu ya kuua kidonda ndani ya tumbo."

"Hii ni nyingi mno, wanaielekeza mahali pamoja. Ile ya kisimani ni kidogo sana, haiwezi kumfanya mtu chochote."

"Kwa hiyo ipo."

"Ipo kila mahali."

Aligeuka kuangalia maji. "Wewe ndiye umesoma," akasema. "Mimi niliamini kwa sababu ni wewe. Sikuwa nimeelewa hata kidogo." Kisha akaomba arudishwe kijijini akafikiri.

Nilijaribu kumzuia. Nilipiga magoti kweli, pale sebuleni kwangu. Lakini mwanawe, binamu yangu, alikuja kumchukua, na kwake yeye mambo yalikuwa wazi: mama yake amekunywa mionzi miaka miwili, na sasa mjini wanataka kumwongezea. Hakunitukana. Alinisalimia, akala, akabeba begi la mama yake. Huko walimzungusha kwa waganga. Kila nilipopiga simu nilijibiwa anaendelea vizuri.

Alirudi baada ya mavuno ya mpunga, kwa hiari yake, akiwa mwepesi kama kitenge alichovaa. Alikuwa amekubali tiba. Daktari yule yule alimpima, akanitoa pembeni, akasema ugonjwa umeshasambaa. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Ningependa kuandika kwamba wiki zile za mwisho tulizungumza mengi. Hatukuzungumza. Alilala, aliomba maji, alilalamikia joto la mabati. Siku moja aliniuliza kama ndege bado inaruka, nikasema ndiyo, akasema sawa. Alifariki mchana, nikiwa jikoni namchemshia uji.

Tulimzika kijijini. Watu walikuja wengi, maana alipendwa. Maji ya kupikia msibani yaliletwa kwenye madumu kutoka lamboni, yakachemshwa, yakawa na ile rangi niliyoikumbuka. Nilikwenda kisimani peke yangu. Mpini ulikuwa umeshang'olewa, na mdomo wa pampu umezibwa kwa gunia na waya.

Mwenyekiti wa kitongoji alinifuata huko, akanipa mkono wa pole. Alikuwa na machozi ya kweli.

"Shangazi yako alikuwa jasiri," alisema. "Alikinywea kijiji kizima, ili sisi tuone kwa macho yetu. Sasa tumeona. Hatutamsahau."

Nilitaka kumwambia alichosema daktari, mara mbili. Nilitaka kumwambia kwamba walichokiona sicho, na kwamba lile lambo ndilo linalowaua. Mzee alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akinitazama kwa huruma kubwa.

"Asante, mzee," nikasema.

Taarifa yetu ya mwisho ilikabidhiwa na kupokelewa bila maswali. Ramani iliyomo ni ile sahihi. Alama ya kisima niliiondoa. Binamu yangu hakutaka wanawe wakulie pale, akahamia mjini na familia yake. Amepanga vyumba viwili Mabatini, nyumba iliyojengwa kwa kuegemezwa kwenye jabali, ukuta wa nyuma ni mwamba mtupu. Kipimo changu kikiwekwa pale kitasoma juu kuliko kilivyosoma kisimani. Nimekwenda kuwasalimia mara mbili. Watoto wanaegemeza migongo kwenye lile jiwe wakati wa joto, kwa sababu ni la baridi, na mama yao alinionyesha kwa furaha jinsi walivyopata mahali pazuri, mbali na yale mambo ya kule kijijini. Nilimwambia ni pazuri kweli.